Uzi: Mawazo yalinilaza miezi saba hapa Tanga. Naeleza nilivyoinuka na ninavyojitunza mpaka leo

FundiNgamiani (mleta uzi)

Assalam aleikum wakuu, na wengine wote habari za jioni.

Uzi huu nimeuahirisha zaidi ya mwaka. Juzi kijana mmoja aliniletea baiskeli yenye pancha. Nilipomtazama machoni nikajua huyu yuko palepale nilipokuwa mimi. Hakusema kitu, nami sikupata neno la kumwanzia. Nikaziba, akalipa, akaondoka. Usiku wa kwanza sikulala vizuri, wa pili vilevile. Basi naandika, asome yeye au asome mwenzake. Ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi baiskeli, nipo Ngamiani, huku kwenye barabara zetu za namba. Kwa msiofika Tanga: mji wetu ni tambarare, na baiskeli ni miguu ya watu, kuanzia muuza mkate mpaka mwalimu. Kazi hii alinifundisha mjomba wangu nikiwa darasa la sita. Nilipokua nikaona kuziba pancha hakunitoshi. Nikapanga fremu, yaani chumba cha biashara, nikafungua duka la spea. Mtaji ulipoyumba nikachukua mkopo wa kikundi, ili niulipe huo nikachukua mwingine, mwisho nikaangukia kwenye zile kausha damu, mikopo ya riba kubwa. Mwaka 2021 duka likafa. Nilibaki na deni la shilingi 3,400,000, mke, watoto watatu, na kufuli jipya la mwenye fremu kwenye mlango uliokuwa wangu.

Sikulia wala sikugombana na mtu. Nililala. Naamka kuswali, nakula vijiko viwili vitatu, narudi kulala. Wiki za mwanzo ndugu walidhani ni uchovu tu. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa nimeshaijua misumari yote ya bati la chumba changu, ipi ina kutu na ipi imelegea.

Kuna kitu kimoja nataka mkione. Kila jioni baada ya Magharibi muuza kahawa hupita mtaani kwetu akigonganisha vikombe. Tangu utotoni sauti ile ndiyo iliyokuwa ikinitoa ndani kwenda barazani. Miezi ile nikiisikia najifunika shuka gubigubi mpaka ipotee kabisa upande wa pili wa mtaa. Jasho linanitoka. Kikombe cha kahawa kilikuwa kinanitisha, maana penye kahawa pana watu, na penye watu pana maswali.

Kwetu hali hii tunaiita mawazo. Ukisema "fulani ana mawazo" hakuna anayeuliza anawaza nini, kila mtu ameshaelewa. Na ushauri niliopewa na wote walionipenda ulikuwa mmoja: "Acha mawazo." Wallahi nilitaka kuyaacha. Kila nilivyoyasukuma ndivyo yalivyorudi na wenzake. Sasa nina imani kwamba hapo ndipo tunapokosea. Mawazo hayaachwi kwa kuamua. Yanapungua mwili ukipewa kazi, na yanapungua yakipata mtu wa kuyasikiliza. Mwili unatangulia, moyo unakuja nyuma taratibu. Mimi nilikuwa nasubiri moyo utangulie: nikijisikia vizuri, nitatoka. Ningekuwa nasubiri mpaka leo.

Mjomba alikuja mwezi wa saba, asubuhi ya Jumanne. Hakuniuliza hali. Alikuwa amebeba gurudumu la nyuma la baiskeli ya mzigo, ringi imepinda vibaya. Akaliegemeza ukutani, akasema, "Mkono unaniuma, ninyooshee hii. Ukimaliza ulale." Akavuta kigoda akakaa mlangoni, uso nje.

Asiyeijua kazi hii nimweleze. Ringi hainyooshwi kwa nyundo. Unaifunga mahali inapoweza kuzunguka, unaizungusha, unashika chaki karibu na ukingo wake. Panapogusa chaki ndipo palipopinda. Kama imeegemea kulia, unakaza spoku zinazovuta kushoto na kulegeza za kulia, robo mzunguko tu. Unazungusha tena, unatazama, unakaza robo nyingine. Ukiwa na haraka ukakaza mzunguko mzima, ringi inakimbilia upande wa pili au spoku inakatika mkononi. Kazi yote ni ya masikio na vidole. Spoku iliyokaza ukiipiga kwa ukucha inalia, iliyolegea inakaa kimya.

Ilinichukua karibu saa mbili, kazi ambayo zamani nilikuwa naimaliza kwa nusu saa. Nilipoizungusha mara ya mwisho ikapita mbele ya chaki bila kugusa, nikashtuka: muda wote ule deni halikuwa limepita kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba. Furaha sikuipata, nisiseme uongo. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu wa mikono, ule unaoleta usingizi. Mjomba akaweka shilingi 2,000 juu ya kigoda, akachukua gurudumu lake akaenda zake. Kesho yake akaleta lingine.

Hivyo ndivyo nilivyoinuka. Kujitunza nisirudi kulekule ni kazi nyingine, na hiyo nimeifanya mpaka leo.

Asubuhi sijiulizi najisikiaje kabla sijafungua. Swali hilo nimelipangia saa nne, nikiwa nimeshashika spana. Siku nyingi saa nne inapita sijalikumbuka.

Lililonisaidia kuliko yote ni kuyapa mawazo saa yake. Saa kumi na moja jioni naendesha hadi bustani ya Jamhuri, nakaa kuelekea bandarini, kisiwa cha Toten kiko mbele yangu, natoa daftari. Kwa dakika ishirini nawaza kwa nguvu zangu zote. Deni, ada, presha ya mama, kila kitu kinaandikwa. Dakika zikiisha nafunga daftari. Wazo likija usiku nalijibu, "Nafasi yako kesho saa kumi na moja." Mwanzoni lilikuwa halisikii. Wiki ya tatu likaanza kusikia. Baadaye nikaja kusoma kwamba wataalamu wa saikolojia Marekani, Borkovec na wenzake, waliijaribu njia hii kwa watu wenye wasiwasi mwaka 1983, nayo ikawapunguzia.

Humo daftarini sentensi inayouma naiandika kama ilivyo, na chini yake naandika ushahidi, kama mahakamani. Siku moja niliandika "Mtaa mzima unanicheka." Nani? Nilikaa na kalamu, nikapata majina mawili. Kisha nikaandika majina ya waliokuja kunijulia hali nikiwa nimelala. Wakafika kumi na mmoja, na mmoja wao ni mtu niliyekuwa namdai mimi. Nililia pale bustanini, na sioni haya kusema.

Nilishajaribu pia yale ya kusimama mbele ya kioo na kujiambia mimi ni mshindi. Moyo ulikuwa unanijibu hapohapo, "Unadaiwa." Nilipoanza kujiambia la kweli, hata liwe dogo kiasi gani, "Leo umefungua saa mbili kamili," haukuwa na la kunijibu.

Simu usiku inalala sebuleni. Sina maelezo marefu hapo, aliyewahi kutazama maisha ya wenzake saa nane za usiku anajua.

Karibuni, nipo nasoma.

KijanaWaKange

Kaka, heshima yako. Nimesoma yote. Ila niseme ukweli wangu. Nina shahada, na huu ni mwaka wa nne naendesha bodaboda ya mkataba. Jioni nikikosa hesabu ya tajiri, yaani hela ya kumpelekea mwenye pikipiki, hakuna daftari litakalonitetea. Nyuzi hizi za fikra njema huwa zinanichoma, kwa sababu mwisho wake ni kuambiwa kwamba nimekwama kwa ajili ya akili yangu. Akili yangu ni nzima. Sina hela.

FundiNgamiani (mleta uzi)

Mdogo wangu, umesema kweli na sikupingi. Deni langu halikupungua hata shilingi moja kwa sababu ya daftari.

Lakini sikiliza. Nilipokuwa nimelala lilikuwa linapanda, kwa sababu sikuweza kwenda kuonana na wanaonidai. Walikuwa saba. Nilipopata nguvu kidogo nilianza na yule niliyemwogopa kuliko wote. Nilimwendea asubuhi, nikiwa nimeshanyoosha ringi moja, mikono ina grisi. Nilifanya hivyo makusudi, nilitaka nifike kwake nikiwa fundi. Nikamwambia: 50,000 kwa wiki siwezi, 5,000 naweza, na kila Ijumaa utanikuta hapa. Alinifokea mbele ya watu. Nikasimama. Alipomaliza akasema haya, lete. Wale sita waliobaki nilionana nao wote wiki hiyohiyo. Leo ninapoandika nimebakiza 600,000.

Na kama hesabu haitoki kwa sababu mkataba wenyewe unakunyonya, asije mtu akakwambia urekebishe fikra. Mkataba ndio wa kurekebisha, au kuutafutia njia ya kuuacha. Ninachokuomba ni kimoja. Ukikosa hesabu jioni, andika "Leo nimekosa hesabu." Usiandike "Mimi ni mtu wa kukosa." Nilikaa na hiyo sentensi ya pili miezi saba, naijua inavyokula.

KijanaWaKange

Nimekuelewa kaka. Sijakubaliana na yote, ila hiyo ya sentensi mbili nimeichukua.

MuuguziMstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi ya uuguzi katika wilaya za mkoa huu kwa miaka mingi, naomba nizungumze kama mama.

Fundi, uliyopitia yana jina hospitalini. Tunaita sonona. Mtu akikosa raha au akapoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kutwa nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, chakula hakishuki, nguvu hakuna, anajiona hana thamani, huyo asisubiri miezi saba. Aende akaonwe. Wakati mwingine tunapima damu tunakuta upungufu wa damu au tezi ya shingoni haifanyi kazi sawasawa, navyo humfanya mtu awe hivyohivyo. Na akipewa vidonge, avielewe: vinachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Nimewaona wengi wakiviacha wiki ya kwanza wakisema havifai. Wala usiviache ghafla kwa sababu umepata nafuu, rudi kwa aliyekuandikia.

Kuhusu ile mahakama ya daftarini, mwanangu, umekutana na njia ya daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani. Miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake wa sonona kila mmoja ana vijisentensi vinavyompita kichwani haraka, vyote vya kumshusha, naye anaviamini bila kuviuliza. Akaanza kuwafundisha kuviuliza. Tiba hiyo leo inatumika duniani kote. Alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100.

Na sasa la nyumbani. Wengi wenu mlikua mkitishwa na jina la Lutindi. Mtoto akifanya visivyo, "utapelekwa Lutindi." Jina hilo linanipa uchungu likitumika vile, kwa sababu watu wanaogopa tiba kwa ajili ya utani. Lutindi iko milimani, wilaya ya Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliotolewa utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Kazi za mikono na za shamba, chai ikiwemo, ni sehemu ya tiba pale. Mtu anapewa jembe au kazi ya ufundi, kidogo kidogo, kwa kiasi anachoweza. Nilipokusoma mjomba wako na gurudumu lake nilitabasamu. Alifanya jambo ambalo pale milimani linajulikana tangu zamani.

La mwisho. Anayesoma hapa na anawaza kuutoa uhai wake, asiwe peke yake usiku huu. Mwamshe mtu, hata jirani, umwambie kwa maneno hayohayo. Kisha mwende hospitali, msingoje kupambazuke.

FundiNgamiani (mleta uzi)

Shikamoo mama. Hilo la mwisho nakushukuru sana. Sikuliandika kwenye uzi, lakini mwezi wa tano lilinipitia. Sikumwambia mtu. Nawaambia wenzangu, msifanye kama mimi.

Mwenye Imani

Ndugu, mimi naona jambo limesahaulika. Mtu akishika swala na dua moyo unatulia. Haya ya madaftari yanakuja watu wakishaacha dini.

FundiNgamiani (mleta uzi)

Ndugu yangu katika imani, miezi yote ile sikuacha swala hata moja. Nilikuwa naswali na bado nimelala. Nilimweleza imamu wetu, akanikumbusha kwamba Mtume amesema Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Akasema kaitafute. Dua ninayo asubuhi na jioni, na daftari ninalo.

MwanafunziUnguja

Nimesoma maoni yote, naomba niongeze la baraza, maana naona limepitwa haraka.

Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa. Maana yake kuwaza kupita kiasi. Yaani ni mawazo yetu haya haya. Daktari wa akili wa kule, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alikuwa na wagonjwa wengi na hana wasaidizi wala vyumba. Akapewa bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, wale waliokuwa wakijitolea kwenye afya ya jamii. Akawafundisha, akawawekea benchi la mbao nje ya kliniki. Mwenye kufungisisa anakaa na bibi pale chini ya mti. Bibi anasikiliza mpaka mwisho. Hatua ya kwanza wanaiita kufungua fikra. Kisha anamwambia mgeni achague tatizo moja tu kati ya yote aliyoyataja, na wanapanga hatua moja atakayoifanya kabla hawajaonana tena.

Walipofanya utafiti kwenye kliniki 24 za Harare kwa watu 573, majibu yakatoka mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi asilimia 14 ndio waliobaki na dalili za sonona, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 50. Benchi hilo limeshafika hata huku kwetu Zanzibar.

Nikisoma hivi nawaza mabaraza yetu ya pwani. Benchi tunalo kila nyumba, limejengwa pamoja na ukuta. Kahawa ipo, wazee wapo, bao lipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa kimya mwenzake anapoanza kusema. Barazani ukisema "sijalala siku tatu" kuna atakayesema "mimi wiki nzima," na habari yako imeishia hapo. Tungefundisha wazee wanne tu kila mtaa kusikiliza vile.

FundiNgamiani (mleta uzi)

Hili limenigusa. Tatizo moja, hatua moja. Ni robo mzunguko hiyo.

MamaPangani

Salaam jamani. Nyie wanaume mnazungumza vizuri, ila wa kwetu hana hata nafasi ya kulala miezi saba. Akilala siku mbili ni mvivu, siku ya tatu wanamtafutia mke mwenza.

Mimi yalinipata baada ya kujifungua mtoto wa pili. Wa kwanza nilimzalia nyumbani Pangani. Mama alinitunza arobaini nzima: nakandwa maji ya moto, uji wa pilipili manga, mtoto anashikwa nalala, wanawake wa mtaa wanaingia na kutoka. Siku ile nilidhani ni mila tu. Wa pili nikamzalia Dar, chumba kimoja, mume kazini tangu alfajiri. Hakuna aliyeingia. Kulia siku tatu nne baada ya uzazi ni jambo la kawaida, mkunga aliniambia, lakini mimi wiki ya sita bado nalia, na mtoto nikimwangalia naona kama wa jirani. Hilo nilikuwa sijalitamka popote.

Nilirudi Pangani na mtoto mgongoni. Tulipokuwa kwenye pantoni kuvuka kwenda Bweni, maana mama alikuwa amehamia huko, mwanamke nisiyemjua akasema, "Nipe nikushikie, umechoka." Hakuuliza kitu kingine. Nilimpa, nikakaa chini nikalala usingizi mle mle ndani ya pantoni, na mto ule kuuvuka ni dakika chache tu. Mama naye akaanza arobaini upya, mtoto akiwa na miezi miwili. Na kliniki nilipelekwa. Vyote viwili vilinifaa.

Nikiangalia nyuma, fikra zangu zilikuwa nzuri mara ya kwanza kwa sababu kulikuwa na mikono minane nyumbani. Kabla ya kumwambia mzazi awe na mtazamo mzuri, mshikieni mtoto.

MuuguziMstaafu

Mwanangu, hayo uliyoyasema yabandikwe kila kliniki ya mama na mtoto.

MkeWaMtu

Kaka fundi, samahani, naandika nikiwa nimejificha jikoni. Mume wangu huu mwezi wa nne yuko kama ulivyoeleza, hata muuza kahawa ni vilevile. Amekataa hospitali. Nimembembeleza, nimekasirika, nimeita ndugu zake. Naanzia wapi? Kwa upande wa mkeo ilikuwaje?

FundiNgamiani (mleta uzi)

Dada yangu, swali hili si langu. Nimempa simu mama watoto akuandikie mwenyewe. Ninayefuata kuandika ni yeye.

FundiNgamiani (mleta uzi)

Mdogo wangu, mimi ndiye mkewe. Pole sana.

Kwanza, usione vibaya umekasirika. Mimi nilikasirika mpaka nikawa namwekea chakula bila kusema neno. Nilikuwa nauza mbaazi na maandazi asubuhi, narudi namkuta alivyolala nilivyomwacha, naona kama ananifanyia makusudi. Nilijua kwamba haikuwa makusudi siku nilipomwona anamsikia mwanetu wa mwisho akimwita "baba, baba," machozi yanamtoka na hawezi kuinuka. Tangu siku hiyo niliacha kumuuliza "umeamka?" na "utatoka leo?" Nikaanza kumwomba vitu vidogo, vile ambavyo kweli navihitaji. "Nishikie mlango." "Nisomee hii meseji, miwani siioni." Siku moja nikamwekea mbuzi karibu na kitanda, nikampa nusu ya nazi, nikamwambia nina haraka, nikunie. Mwanamume wa hapa kukuna nazi, si kawaida. Alikaa kimya, kisha akainuka akakaa juu ya mbuzi akakuna. Alikuna vibaya, mpaka kifuu kikaingia. Niliuweka wali hivyohivyo tukala. Kesho yake nikampa nusu nyingine.

Wewe mpe nusu, usimpe nazi nzima. Akikataa, usiseme kitu, mpe siku nyingine.

La hospitali, muulize kama yuko radhi kukusindikiza wewe, kwa sababu na wewe umechoka na unahitaji kuonwa. Hilo ni kweli, si hila. Mkifika hapo mnaweza kuonwa wote wawili.

Na usibebe peke yako. Mimi nilimfuata mjomba wake mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia mwache apumzike. Mara ya pili hakuwa na la kusema. Mara ya tatu nililia mbele yake, akanyamaza sana, halafu akaniuliza, "Mikono yake inatetemeka?" Nikamwambia haitetemeki. Akasema, "Basi nitamletea kazi."

FundiNgamiani (mleta uzi)

Wakuu, hilo la mjomba nimelisoma sasa hivi pamoja nanyi. Miaka yote hii najua alikuwa anapita tu na mkono unamuuma.

Dada MkeWaMtu, tuandikie kesho au keshokutwa, hata kama nazi haijakunwa. Mimi natoka kidogo, muuza kahawa ameshafika kona, nataka nimpelekee mama watoto kikombe.